Vipande Arobaini na Kimoja

Siku Githinji alipoutoa ufunguo wa choo kwenye msumari wa ukutani na kuufungia ndani ya droo yake, Mwongeli alijua mambo yameharibika. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, mwaka wa 1998. Mvua ilikuwa imekataa kwisha tangu mwaka uliotangulia, na ofisi yao ya vyumba viwili, juu ya duka la vyuma kando ya Jogoo Road, ilinuka unyevu na nyaya zilizopata moto.

"Nimepiga hesabu," Githinji alisema, akiwa amesimama mbele ya wafanyakazi wake watatu kama mwalimu wa zamu. "Kila mmoja wenu hupoteza dakika ishirini na tano kwa siku huko nyuma. Watu watatu, siku tano. Saa sita na robo kila wiki zinaingia chooni. Kuanzia leo, anayetaka kwenda atakuja kwangu, ataandika jina, saa ya kwenda na saa ya kurudi."

Wasike, kijana aliyeandika programu, alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, alikigeuza kicheko kuwa kikohozi. Wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuijaribu kila programu na kuitafutia makosa, aliinamisha kichwa.

Githinji alikuwa mwenye kampuni. Alikuwa ameiahidi hospitali ndogo ya akina mama, iliyoendeshwa na kanisa kule Huruma, programu ya kompyuta yenye vipande arobaini na kimoja: kipande cha kuandikisha wajawazito, cha kutafuta kadi zao, cha vitanda, cha chanjo, cha zamu za wauguzi, na kadhalika mpaka ukurasa wa sita. Vyote vilipaswa kukabidhiwa kwa siku moja, mwisho wa mwezi wa tatu. Kazi ilikuwa imekula miezi kumi na mmoja.

"Mwongeli, wewe ndiye msimamizi," Githinji alisema. "Tumefika wapi?"

"Vyote vimefika kama asilimia themanini."

"Basi malizieni hiyo ishirini! Na mwanze kipande cha ripoti za rangi. Mwenyekiti wa bodi yao amezipenda."

"Ripoti hazimo kwenye orodha, Bwana Githinji."

"Sasa zimo."

Ilipofika saa nne Wangu aliinuka akaenda kuomba ufunguo. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo walimsikia Githinji akiuliza kwa sauti, "Dakika ngapi?" Wangu alikuwa mama wa watoto wawili na mzee wa kanisa lake. Alijibu kitu ambacho hawakukisikia. Aliporudi alikaa akiitazama skrini bila kugusa chochote, na macho yake yalikuwa mekundu. Mwongeli alitaka kusema neno. Badala yake alirudi kwenye orodha.

*

Nyumbani Donholm, mama mkwe wake, Nzilani, alikuwa sebuleni akifumua mshono wa koti la mume wa Mwongeli, Mativo. Mativo alikuwa dereva wa lori la mizigo, leo Mombasa, kesho Malaba, na kwa siku nyingi za mwezi nyumba ilikuwa ya wanawake hawa wawili. Nzilani alikuwa ameshona viti vya magari kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kuunganisha magari, hadi magari ya mitumba kutoka ng'ambo yalipojaa mjini na kiwanda kikawaachisha kazi watu mia mbili kwa asubuhi moja. Alihamia kwa mwanawe na cherehani yake na ulimi wake.

Mwongeli alitandaza makaratasi mezani na kuanza kuandika. Nzilani aliinua macho.

"Hayo ndiyo yale yale ya mwaka jana?"

"Ndiyo, mama."

"Mmemaliza mangapi?"

"Yote yamefika asilimia themanini."

"Sikuuliza yamefika wapi. Nimeuliza mmemaliza mangapi. Kitu ambacho mtu yuko nacho mkononi sasa hivi anakitumia."

Mwongeli alishikilia kalamu. "Hakuna."

"Basi hamna kitu," Nzilani alisema, akarudi kwenye mshono.

Mwongeli aliiweka kalamu chini. "Mama, programu si viti."

"Najua si viti. Kiti mtu hukikalia."

Kibatari cha jirani kilionekana dirishani, kwa maana umeme wa upande ule ulikuwa umekatika tangu jana. Nzilani ndiye aliyeanza tena, na safari hii sauti yake haikuwa na miiba.

"Nikwambie kitu cha kule kwetu. Zamani tulikuwa tunakata vitambaa vya mwezi mzima kwanza. Rundo mpaka kwenye dari. Wakubwa wakipita wanafurahi, wanaona watu wana kazi. Siku moja tukaanza kushona, tukakuta mkato umepungua inchi moja. Vitambaa mia tatu! Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekishona hata kimoja mpaka mwisho. Ndipo wakaja wale Wajapani. Walitunyang'anya marundo. Wakaweka kulabu tatu tu za kutundikia vitambaa kati yangu na mwenzangu wa mbele. Kulabu zikijaa, mimi sikati tena. Naacha mkasi, naenda kumsaidia yeye amalize."

"Na ukikaa bure?"

"Bosi wetu aliuliza hivyo hivyo. Lakini viti vilitoka, Mwongeli. Kimoja kimoja, vikiwa vizima. Na juu yetu kulikuwa na kamba. Mtu yeyote akiona kasoro, hata mfagiaji, anaivuta, laini yote inasimama. Hakuna kuendelea mpaka ijulikane kasoro imetoka wapi."

Mwongeli alikunja makaratasi. Lakini akiwa jikoni anachambua mchele, alijikuta akihesabu: Wangu huletewa kazi ya miezi mitatu kwa siku moja, akigundua kosa, Wasike hata hakumbuki aliandika nini. Na kuna jambo jingine lililomshtua mpaka akaacha mchele. Kwa miezi kumi na mmoja, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga ile hospitali.

*

Alikwenda Jumatano, bila ruhusa, saa ya chakula cha mchana. Githinji alikuwa amesafiri kwenda Eldoret kutafuta kandarasi nyingine na angekaa huko siku kumi.

Hospitali ilikuwa jengo la ghorofa moja lililobanwa kati ya maghorofa ya Huruma, nguo za watu zikining'inia juu yake. Kwenye benchi la nje na kando ya ukuta walikuwa wamejipanga wajawazito wapatao sitini. Dirisha la kadi lilikuwa na karani mmoja, mwanamke mwembamba aitwaye Rispa. Nyuma yake kabati za chuma zilifika darini. Kwenye meza ya pembeni ilikuwako kompyuta ambayo kampuni ya Githinji ilikuwa imeileta mwaka uliopita. Ilifunikwa na kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa palikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

"Mimi ni wa ile programu," Mwongeli alisema, na aibu ikamshika kabla sentensi haijaisha.

Rispa alimtazama juu mpaka chini. "Kumbe mna watu. Mimi nilidhani ni yule mzee wa suti peke yake. Ingia, dada, lakini sina muda wa kuongea. Utaongea nikitafuta."

Mwongeli alikaa saa tatu kwenye kigoda nyuma ya dirisha lile. Aliona mama akisema anaitwa Mwende, kumbe kadi iliandikwa kwa jina la ubatizo. Mwingine aliandikishwa kwa jina la baba, sasa ameolewa anatumia la mume. Rispa alifungua droo hii, akafunga, akafungua ile. Wengine aliwapata kwa dakika mbili. Mmoja alimtafuta kwa dakika arobaini, kisha akamwandikia kadi mpya, kana kwamba hajawahi kufika pale.

"Hiyo ndiyo mbaya," Rispa alisema bila kugeuka. "Kadi mpya haijui chochote. Mwezi uliopita alikuja mama uchungu umemshika. Kadi yake sikuiona. Akapelekwa ndani kama mtu mpya. Hawakujua alipasuliwa kwa mtoto wa kwanza. Mama aliponea chupuchupu. Mtoto hapana." Alivuta droo nyingine. "Kadi niliipata siku ya pili. Ilikuwa imeshikana na nyingine kwa unyevu. Nilifunga dirisha dakika kumi, nikalia, nikafungua. Ungefanyaje? Foleni ilikuwa pale pale."

Mwongeli aliitoa orodha ya kurasa sita mkobani. "Rispa, katika hivi vyote, ungetaka kipi kwanza?"

Rispa aliisoma haraka haraka, akicheka puani alipofika kwenye ripoti za rangi, zilizoongezwa kwa kalamu chini kabisa. Kisha akaweka kidole. "Hiki. Nitafutie kadi. Hivyo vingine hata mkileta mwaka ujao."

Kutafuta kadi kilikuwa kipande cha kumi na tisa.

*

Kesho yake Mwongeli alipigilia misumari mitatu kwenye ubao wa ofisi na kukata karatasi ngumu kuwa kadi ndogo.

"Tunaacha vyote," aliwaambia Wasike na Wangu. "Vipande arobaini vinakaa kwenye boksi. Tunafanya kimoja mpaka Rispa akitumie. Kazi ikigawanyika, kila kijisehemu kina kadi yake, na ubaoni hapatakuwa na kadi zaidi ya tatu. Misumari ikijaa, hakuna kuanza kipya. Unamsaidia mwenzako amalize."

"Sasa mathe," Wasike alisema kwa ile lugha yake ya mtaani, "buda akirudi apate hatujamada hata ripoti moja, si tutahata?"

"Tusipozimaliza labda Githinji atatufukuza, ndiyo. Nitasema ni mimi."

Wangu alikuwa ameutazama ubao kwa muda mrefu. "Na mimi nitajaribu lini? Mwishoni, kama kawaida?"

"Utakaa kando ya Wasike. Akiandika, unajaribu hapo hapo. Ukiona kosa, sema 'simama', na sote watatu tunaacha tunachofanya. Hata mimi nikiwa kwenye simu."

"Hata kama kosa ni lako?"

"Hasa likiwa langu."

Siku ya kwanza Wangu alisema 'simama' mara kumi na moja. Wasike alikasirika, akasema hajawahi kufanya kazi kama mtu anayefundishwa kuendesha gari. Kosa la saba lilikuwa la Mwongeli: alikuwa amechora programu kana kwamba kila mama ana jina moja maishani. Walikaa nalo mchana wote mpaka wakakubaliana kwamba kila mama atakuwa na nafasi ya majina matatu, la ubatizo, la baba na la mume, na lolote kati ya hayo litamleta. Siku ya pili makosa yalikuwa sita. Siku ya nne, mawili. Wasike aliacha kulalamika. Aligundua kwamba kosa la saa hii hulirekebisha kwa dakika tano, wakati kosa la mwezi wa nane lilikuwa likimmalizia siku mbili.

Kila alasiri Wangu alishuka Huruma, na dirisha lilipofungwa yeye na Rispa waliingiza kwenye kompyuta kadi za akina mama waliokuwa kliniki mwaka ule, elfu moja na mia mbili. Chombo cha maua kilihamishiwa juu ya kabati. Siku ya tisa, Rispa aliandika jina la kwanza, akabonyeza, na skrini ikamwambia kabati la nne, droo ya pili, kadi ya mia na saba. Alikwenda. Ilikuwako. Aliandika jina la pili.

*

Githinji alirudi asubuhi ya siku ya kumi na moja, kandarasi ya Eldoret ikiwa imeenda kwa mwingine. Alisimama mlangoni akawaona watu wake watatu mbele ya kompyuta moja.

"Nilinunua kompyuta tatu," alisema polepole. "Tatu. Hizo mbili zimekufa?"

Mwongeli alimweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, mpaka kwenye habari ya mtoto aliyefariki. Githinji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda ubaoni, akazing'oa kadi zote, akazipasua mara mbili na kuzidondosha kwenye kapu la taka.

"Mimi sikuahidi kipande kimoja. Niliahidi arobaini na kimoja. Hii hospitali ina bodi, na bodi ina mkataba. Kukabidhi ni Ijumaa ijayo, nimeshaiwahisha. Mtalala hapa ikibidi."

"Hatutalala hapa, Bwana Githinji. Tukilala hapa tutaongeza makosa tu."

"Na wewe," aliendelea kana kwamba hakusikia, akitoa karatasi kwenye mkoba, "mkataba unataka sahihi ya msimamizi wa programu. Kwamba vipande vyote vimekamilika na vimejaribiwa. Weka hapa."

Mwongeli aliisoma karatasi. Ilikuwa ya mistari minne. "Havijakamilika."

"Tutavikamilisha wakishatukubalia. Kila kampuni hufanya hivyo."

"Siweki sahihi."

Msumeno wa dukani chini ulikuwa ukikata chuma. Githinji alivua miwani. "Una mpaka Ijumaa kuifikiria. Baada ya hapo nitamweka Wasike kwenye kiti chako, na wewe utaenda kuandika barua za watu pale nje ya korti ya Makadara na taipureta ya kukodi."

*

Mativo alikuwa nyumbani Jumapili ile, ameshasikia habari ya karatasi. Alikula, akanawa, akasema bila kumtazama mkewe, "Ni sahihi tu, Mwongeli. Mimi huweka sahihi kila siku kwamba nimekagua matairi yote kumi na nane. Unafikiri hukagua yote?"

"Na likipasuka?"

"Sijasema ni vizuri. Nasema tunaishi. Kodi ya nyumba hii mshahara wangu peke yake hauifikii, unajua."

"Najua."

"Basi kwa nini wewe? Kati ya watu wote, kwa nini iwe ni wewe?"

Mwongeli alimgeukia mama mkwe wake, akitegemea kwamba mwanamke aliyemsimulia habari ya kamba atamtetea. Nzilani alikuwa anakunja kitambaa cha meza, akikikunjua, akikikunja tena.

"Ile kamba," alisema hatimaye, "sikukwambia yote. Niliivuta mara nyingi, ndiyo. Lakini kuna siku sikuivuta. Ilikuwa Ijumaa, jioni, oda ya haraka ya mabasi madogo. Kiti kimoja bolti ya chini haikushika, ilikuwa inazunguka tu. Niliiona. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu na saa mkononi. Nikafunika kitambaa, nikakipitisha."

"Ikawaje?" Mativo aliuliza.

"Sijui. Hiyo ndiyo shida. Basi hilo liko barabarani mahali fulani, na mimi sijui. Kila nikisikia ajali redioni nauliza gari gani." Aliweka kitambaa chini. "Sikwambii hivi ili usiweke sahihi, Mwongeli. Ukiweka, sitakuwa na mdomo wa kukusema. Nakwambia tu jinsi inavyokaa ndani ya mtu."

Mativo aliondoka mezani akaenda kusimama mlangoni, akiitazama mvua. Kutoka pale alisema, "Kodi tutaona." Mwongeli alijua kusema hivyo kumemgharimu.

*

Ijumaa walikaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali: Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, mwenyekiti wa bodi, Rispa akiwa amesimama ukutani, na watu wa Githinji. Githinji alikuwa na suti mpya. Alizungumza juu ya karne mpya na kompyuta. Alionyesha ripoti za rangi, ambazo alikuwa amemlazimisha Wasike kuzichora usiku wa siku tatu mfululizo. Nguzo za nyekundu na buluu zilipanda na kushuka. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa furaha.

"Takwimu hizi ni za wagonjwa wetu?" Metroni aliuliza.

"Ni za mfano," Githinji alisema. "Sasa msimamizi wangu ataweka sahihi, kisha ninyi, na shughuli itakuwa imekwisha."

Alisukuma karatasi mezani. Mwongeli aliinuka.

"Metroni, kati ya vipande arobaini na kimoja, kinachofanya kazi ni kimoja. Hivyo vingine ni nusu nusu, na hizo nguzo za rangi ni picha tu. Siwezi kuweka sahihi. Lakini hicho kimoja kiko dirishani kwa Rispa. Naomba twende mkione."

"Kaa chini!" Githinji alifoka.

"Nimekaa miezi kumi na mmoja, Bwana Githinji."

Metroni alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache. Aliinuka, na kwa sababu aliinuka, wengine wote waliinuka. Dirishani foleni ilikuwa ndefu. Rispa aliketi, akaita wa kwanza, akaandika, akaenda, akarudi na kadi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tano alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, tumbo limeshuka.

"Jina?"

"Tiffany."

Rispa aliandika. Skrini ilisema: hakuna. Aliandika tena. Hakuna. Githinji aliachia kicheko kifupi. "Mnaona? Hata hicho kimoja! Mheshimiwa mwenyekiti, turudi kule juu, hawa wana uchovu—"

"Simama," Wangu alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini Wasike alishafika kwenye kompyuta. Githinji alitazama kutoka mmoja hadi mwingine kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe.

"Rispa," Mwongeli aliuliza, "zamani ungemtafutaje huyu?"

"Ningejiuliza aliyemwandika alisikia nini. Sisi huandika tunavyosikia. Huyu labda yuko kwa T-I-F-A."

"Wasike, itafute kwa herufi tatu za mwanzo. Ilete orodha, Rispa achague."

Wasike aliandika akiwa amesimama, Wangu akisoma kila mstari juu ya bega lake. Foleni ilitazama. Msichana aliletewa kiti. Zilipita dakika ishirini, na Metroni hakuondoka. Rispa akaandika T, I, F. Majina manne yakaja, na la tatu lilikuwa Tifani, mtaa wa Huruma, kabati la sita. Rispa alileta kadi, akaifungua.

"Metroni, huyu amewahi kupasuliwa. Na shinikizo la damu liko juu tangu wiki iliyopita."

Metroni alichukua kadi, akaisoma, akamshika msichana mkono. "Wewe twende na mimi sasa hivi." Alipokuwa akipita mbele ya Githinji alisema, "Hiyo karatasi yako sitaiwekea sahihi. Ngojeni hapa."

Alirudi baada ya nusu saa, akampa Rispa ile orodha ya kurasa sita na kalamu nyekundu. "Futa tusivyohitaji." Rispa alifuta kwa raha ya mtu anayepalilia. Vilibaki saba.

"Tutapokea kimoja kimoja," Metroni alimwambia Githinji. "Na hakipokelewi mpaka Rispa akitumie wiki nzima yeye mwenyewe. Kama hutaki, chukua kompyuta yako."

Huko nje uani, mbele ya wajawazito na wauguzi na mlinzi wa lango, Githinji alimwambia Mwongeli, "Usirudi ofisini. Vitu vyako vitaletwa." Mwongeli alijibu, "Sawa." Wangu alikuja akasimama kando yake, naye akaacha kazi. Wasike alibaki alipokuwa, akitazama viatu vyake. Alikuwa na wadogo zake shuleni, na hakuna aliyemlaumu.

*

Wiki tatu zilipita. Mwongeli alifua, akapika, akamsaidia Nzilani kushona mashati ya shule ya watu. Mativo alichukua safari za ziada. Mwenye nyumba alikuja mara mbili, na mara ya pili hakukubali kuketi.

Alasiri moja mlango uligongwa. Alikuwa Githinji, matope ya Donholm yakiwa yamempanda mpaka kwenye pindo la suruali. Nzilani alimkaribisha kitini, akamsalimu kwa heshima, kisha akaketi karibu na cherehani yake na hakuondoka.

"Kipande cha pili," Githinji alianza, "kile cha kuonya kuhusu waliopasuliwa. Wasike amekipeleka mara mbili. Yule karani amekikataa mara mbili." Alikohoa. "Metroni amenipa hadi mwisho wa mwezi wa tano. Rudi, Mwongeli. Tusahau yaliyopita."

"Nitarudi na Wangu."

"Sawa."

"Ubao unarudi. Kadi hazizidi tatu. Kila Alhamisi mmoja wetu anashinda dirishani Huruma. Mtu akisema simama, tunasimama, hata wewe ukiwa na haraka. Na hakuna sahihi yangu kwenye kitu ambacho hakijaisha."

"Bosi ni nani hapo?" Githinji aliuliza, uso umeiva.

"Ni wewe. Kampuni ni yako, na kama masharti hayakufai, mlango huu haujafungwa. Lakini jina langu ni langu."

Githinji alimtazama Nzilani, pengine akitafuta mtu mzima mwenzake wa kumwonea huruma. Nzilani alitia uzi kwenye sindano. Mvua ilikuwa imeacha, na huko nje watu walisikika wakiruka madimbwi. Githinji aliinuka, akakung'uta matope ya suruali, akasema, "Jumatatu, saa mbili."

"Saa mbili," Mwongeli alisema.

Kipande cha pili kilipokelewa katikati ya mwezi wa tano. Cha tatu mwezi wa saba. Githinji hakupata kuupenda ubao; alipita mbele yake akiangalia upande mwingine, na siku ambazo Wangu alisema 'simama' alitoka akaenda kuzunguka dukani chini mpaka kazi iendelee. Mwongeli hakumsihi aupende. Mwaka ulipokwisha, dirisha la Rispa lilikuwa na vipande vyote saba, na kila kimoja kilitumika kila siku. Vile vingine thelathini na vinne vilibaki kwenye boksi chini ya meza, na hakuna mtu hata mmoja, si Metroni, si mwenyekiti na rangi zake, aliyewahi kuviulizia.